Udongo Mweusi wa Bwawani: Kisa cha Kitalu cha Miche Pembezoni mwa Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea kati ya Novemba 2023 na katikati ya 2025, katika kitalu cha miche ya mboga kilichoko magharibi mwa Nairobi, kwenye miinuko ambako mito midogo inayoingia jijini huanzia. Majina ya kitalu, kijiji, kijito na bwawa yameondolewa, na baadhi ya vipimo vimetolewa kwa makadirio ili mahali pasitambulike. Wenye kitalu walisoma maelezo haya na wakakubali yatumike kufundishia wengine. Nilikuwa mshauri wao wa kilimo kwa muda wote huo, na ushauri nilioutoa Januari 2024 ni sehemu ya yale yaliyoharibika.

Usuli

Kitalu kinamilikiwa na kikundi cha wakulima kumi na wawili, wengi wao wanawake. Wanaotesha sukuma wiki, kabeji, nyanya na pilipili hoho katika trei za plastiki zenye vishimo 200 kila moja, kisha wanawauzia miche wakulima wa Kiambu na Kajiado, na pia watu wenye vishamba vidogo ndani ya jiji. Udongo wa kawaida wa shamba haufai kwa trei hizo. Kishimo kimoja hakizidi ukubwa wa kidole gumba, na mche hukaa humo wiki nne au zaidi, kwa hiyo unahitaji kitu chepesi, kinachoshika maji bila kuzuia hewa, kisicho na mbegu za magugu wala vimelea vya kuozesha mizizi. Kwa miaka mingi kitu hicho kimekuwa piti, ambayo wauza miche wa Nairobi huiita pitimosi, inayoletwa kwa meli katika marobota yaliyoshindiliwa kutoka nchi za pwani ya Bahari ya Baltiki kama vile Latvia na Estonia.

Piti ni mabaki ya mimea ambayo hayakumaliza kuoza. Mahali ambapo maji hutuama mwaka mzima, yaani kwenye bwawa la kinamasi, hewa haifiki chini, na vijidudu vinavyoozesha majani hufanya kazi polepole mno. Majani mapya huangukia juu ya yale ya zamani kabla hayajaisha, na rundo huongezeka kwa wastani wa takriban milimita 1 kwa mwaka. Ina maana kwamba mita moja ya piti ni kazi ya miaka kama 1,000. Katika nchi za baridi mmea unaojenga rundo hilo ni sfagnamu, mmea mdogo laini usio na mizizi, unaoweza kubeba maji mara nyingi zaidi ya uzito wake mkavu. Kwetu sisi ni mafunjo, matete na nyasi za majini, na piti yake ni tofauti kabisa, jambo ambalo kisa hiki kilitufundisha kwa hasara.

Watu wametumia piti kwa namna nyingi. Ireland iliichoma katika nyumba na katika mitambo ya umeme kwa vizazi. Kampuni ya serikali ya Bord na Móna, iliyoanzishwa 1946, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha kuivuna. Huko Scotland moshi wake hukaushia shayiri ya kutengenezea wiski. Karibu na kwetu, Rwanda ilijenga mtambo wa umeme wa megawati 15 huko Gishoma na mwingine wa megawati 80 huko Gisagara, yote ikichoma piti, na Burundi imekuwa ikiichimba kama kuni mbadala tangu miaka ya 1970. Wakulima wa uyoga huitandaza juu ya vitanda vyao. Matumizi haya yote yana sharti moja ambalo halionekani kwenye robota lililofungwa vizuri, nalo ni kwamba huwezi kuchimba piti bila kwanza kuliondoa maji bwawa lake.

Kenya haihesabiwi miongoni mwa nchi zenye piti nyingi. Iliyopo iko katika sehemu zenye majimaji za Mlima Kenya na Nyandarua, na katika mabwawa kadhaa ya chini. Linalojulikana zaidi karibu na Nairobi ni bwawa la Ondiri huko Kikuyu, chanzo cha Mto Nairobi, ambako ardhi hutikisika ukiikanyaga kwa sababu ni mkeka wa mimea ulioelea juu ya maji na tope laini. Kisa hiki hakihusu Ondiri. Kinahusu bwawa dogo zaidi la jamii hiyo hiyo, linalolisha kijito ambacho kitalu hiki huvuta maji yake kwa pampu, kilomita chache upande wa chini.

Mambo yalivyotokea

Mwezi wa Novemba 2023 kitalu kilikuwa na marobota ya kutosha wiki sita tu. Muuzaji wao wa mjini aliahidi mzigo mpya kabla ya Krismasi, lakini mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalianza, na meli nyingi zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Wakati huo huo shilingi ilikuwa ikishuka. Januari 2024 dola moja ya Marekani ilipita shilingi 160. Mzigo ulipopatikana bei yake ilikuwa imepanda kiasi kwamba mche wa sukuma wiki ungeuzwa kwa hasara, na wakulima walikuwa tayari wameanza kuagiza miche ya mvua za masika.

Hapo ndipo dalali mmoja alipofika na pikapu yenye magunia ya udongo mweusi. Aliueleza kuwa ni pitimosi ya hapa hapa nchini, na bei ya gunia ilikuwa chini ya theluthi moja ya bei ya ujazo uleule wa iliyoagizwa. Msimamizi wa miche, mama mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano, aliniita niutazame kabla ya kulipa. Niliusugua kwenye kiganja, nikaona nyuzi za mimea, nikanusa, nikasema ni piti kweli. Nilishauri waongeze chokaa ya kilimo kidogo, wachanganye na pitimosi iliyobaki kwa kiasi sawa, na waanze na trei za kabeji. Sikuuliza umechimbwa wapi. Msimamizi aliuliza, dalali akajibu kwamba unatoka "juu huko", na sote tukaridhika na jibu hilo. Walinunua magunia 60.

Siku kumi za kwanza miche iliota vizuri. Baadaye uso wa trei ulianza kukauka kwa ukoko mgumu wenye nyufa, na maji ya kumwagilia yakawa yanapita pembeni mwa kila kishimo na kutoka chini bila kulowesha katikati. Walipozidisha maji ili kulishinda tatizo hilo, mizizi ikakosa hewa na shina za miche midogo zikaanza kuoza usawa wa udongo. Katika wiki ya tatu yalichipuka magugu, ndago kwa wingi na miche ya nyasi za majini ambazo hakuna aliyewahi kuziona ndani ya kivungulio, yaani banda la kuoteshea miche. Kufikia mwisho wa Februari kitalu kilikuwa kimetupa zaidi ya nusu ya trei 300 za kabeji, na wateja wanne wakadai kurudishiwa malipo ya awali.

Nilipeleka sampuli kwenye maabara ya udongo, jambo ambalo lilipasa kufanywa Januari. Majibu yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya uzito mkavu ilikuwa majivu, yaani kitu kisichoungua, nacho ni mfinyanzi ulioteremshwa na mvua kutoka mashamba ya juu na kutuama bwawani pamoja na mimea. Kilichobaki kilikuwa kimeoza sana, si zile nyuzi ndefu za sfagnamu zinazoacha nafasi za hewa. Udongo wa aina hiyo ukiwa chini ya maji ni laini kama siagi, lakini ukishakauka kabisa huwa mgumu na hukataa kulowa tena.

Hadi hapo tulidhani kisa ni cha udongo mbaya. Mwezi wa Machi mzee mmoja aliyekuja kununua miche ya nyanya aliona magunia yaliyobaki, akachota kiganja kimoja na kukitazama kwa muda. Akamwambia msimamizi: "Mama, huu ni udongo wa bwawani kwetu. Tangu vijana waanze kuuchimba, kisima changu kimeshuka futi mbili, na ng'ombe sasa wanapita pale ambapo zamani walizama." Siku mbili baadaye tulikwenda kuona: mimi, msimamizi na mwenyekiti wa kikundi, mzee akituongoza.

Tulikuta handaki la kina cha mita moja na nusu hivi, lenye urefu wa hatua sitini, na kutoka humo mfereji mwembamba uliochimbwa hadi mdomo wa bwawa ili wachimbaji wasisimame ndani ya maji. Mfereji huo ndio ulionishtua kuliko handaki lenyewe. Magunia 60 ya kitalu yalikuwa sehemu ndogo ya kilichoondolewa, na hata yote yakijumlishwa shimo halikuwa kubwa kwa kulinganisha na bwawa. Lakini mfereji ulikuwa unanyonya maji ya sehemu ambayo hakuna aliyeigusa kwa jembe. Pande zote mbili, kwa upana wa hatua kumi au zaidi, mafunjo yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia na ardhi ilikuwa imetitia na kupasuka. Nilisimama nikitazama matabaka ya majani kwenye ukuta wa handaki. Kwa kadirio la milimita 1 kwa mwaka, yale ya chini yalizama kabla Kilwa haijawa mji.

Masika ya 2024 yalikuja na mafuriko yaliyoua watu na kubomoa makazi jijini Nairobi. Kwenye kijito chetu maji yalipanda ghafla yakiwa mekundu kwa tope, na kichujio cha pampu kiliziba mara kwa mara. Mvua zilipokwisha, kijito kilishuka haraka kuliko wazee wanavyokumbuka; Agosti pampu ilianza kuvuta hewa ikifika saa nne asubuhi. Siwezi kusema kwamba mfereji mmoja ndio ulioleta hayo yote, kwa sababu mvua za mwaka ule zilikuwa za kupita kiasi na juu ya bwawa kuna mashamba mengi yanayovuta maji. Hata hivyo, njia ambayo bwawa huathiri kijito inajulikana: piti iliyoloa hupokea maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo, na iliyokatwa kwa mfereji huyaachia mara moja.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, kuacha kununua, ulichukua dakika chache. Uamuzi kuhusu magunia 23 yaliyobaki ulichukua mkutano mzima. Baadhi ya wanachama walitaka yauzwe kwa bei ya hasara kwa wapanda maua wa kando ya barabara, ambao hununua udongo wowote mweusi. Mwenyekiti alikataa akisema kwamba hasara hiyo ingehamia kwa mtu mwingine, na soko la bwawa lingezidi kukua. Iliafikiwa yahifadhiwe hadi ijulikane kama yanaweza kurudi yalikotoka.

La tatu lilikuwa handaki. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinakataza kuchimba katika ardhi oevu bila idhini, na kanuni za ardhi oevu za 2009 zinaeleza utaratibu wa vibali. Wachimbaji hawakuwa na kibali chochote. Mimi nilipendekeza ripoti ipelekwe mara moja kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa inayosimamia mazingira. Msimamizi alipinga, na sababu yake ilikuwa nzito: wachimbaji ni vijana saba wa kijiji kilekile, wawili kati yao ni watoto wa wanachama, na kitalu chenyewe kilikuwa mnunuzi. Kuwashtaki watu kwa kuuza kitu ambacho wewe ulikinunua bila kuuliza, alisema, si haki. Walikubaliana waanze na mzee wa mtaa na chama cha watumiaji wa maji ya kijito, kisha ofisi husika ijulishwe na chama hicho kwa jina la watumiaji wote, kitalu kikikiri wazi kwamba kilinunua. Nilikubali bila kuridhika. Sasa naona kwamba walikuwa sahihi kuhusu mpangilio wa hatua, ingawa tulipoteza wiki saba ambazo mfereji uliendelea kutiririka.

La nne lilikuwa kitu cha kuoteshea. Pitimosi ya nje ilikuwa imeanza kupatikana tena na shilingi ilikuwa imepata nguvu. Kurudi huko kungekuwa rahisi. Aliyeuliza swali gumu alikuwa mtunza hesabu wa kikundi: kama kuchimba bwawa letu ni kosa, je, kununua bwawa la Latvia kunakuwaje halali? Nilimjibu kwamba huko uchimbaji una leseni na usimamizi, na hilo ni kweli. Lakini kwa hewa tunayovuta sote jibu hilo halitoshi. Ardhi za piti ni takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini zimehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote. Bonde la Kongo peke yake, kwa mujibu wa ramani iliyochapishwa 2017, lina takriban tani bilioni 30. Piti ikitolewa kwenye maji na kutandazwa kwenye trei, huanza kuoza na kaboni hiyo hupanda hewani, iwe imechimbwa Riga au Kiambu. Suala hili lilijadiliwa hapa hapa Nairobi, kwenye makao ya Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Machi 2019, pale Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipopitisha azimio la kuhifadhi ardhi za piti, na ninakiri kwamba kwa miaka mitano nilipita barabara ya Gigiri mara nyingi bila kulihusisha na marobota niliyokuwa nikiwaagizia wateja.

Waliamua kujaribu unga wa makumbi ya nazi kutoka Pwani, unaojulikana sokoni kama kokopiti. Makumbi yakishatolewa usumba wa kamba na mikeka, hubaki unga mwepesi wa kahawia ambao kwa muda mrefu ulionekana kuwa taka. Unashika maji karibu sawa na piti ya sfagnamu, uchachu wake ni mdogo kwa hiyo hauhitaji chokaa nyingi, na ukikauka hulowa tena bila shida.

Matokeo

Shehena ya kwanza ya kokopiti, Juni 2024, ilishindwa. Kingo za majani ya nyanya ziliungua na pilipili hoho zilidumaa. Mnazi hukusanya chumvi za sodiamu na potasiamu katika makumbi yake, na makumbi mengine huloweshwa katika maji ya chumvi kabla ya kupondwa. Nilikuwa nimelisoma hilo, lakini sikupima kwa sababu muuzaji alisema umeshaoshwa. Nilikuwa nimerudia kosa la Januari kwa udongo tofauti.

Tangu hapo kila shehena hupimwa chumvi kwa kipimo cha mkononi, na isiyofika chini ya millisiemensi 1 kwa sentimita haiingii kwenye trei. Unga huoshwa kwa maji safi, ukaloweshwa usiku kucha katika maji yenye kalisiamu naitreti ili kalisiamu ichukue nafasi ya sodiamu, kisha ukaoshwa tena. Kuosha huko kulileta tatizo jipya: kulihitaji maji mengi, na maji yalikuwa ya kijito kilekile tulichokuwa tukikihurumia. Walinunua matangi mawili na kuyaunganisha na mabati ya kivungulio, na sasa kuosha hufanywa katika misimu ya mvua, unga ukihifadhiwa mkavu hadi utakapohitajika. Maji ya chumvi hayaelekezwi kijitoni. Hutandazwa kwenye kipande cha nyasi za mifugo kwa zamu. Kipande hicho nakitazama kwa wasiwasi, na huenda kikahitaji kupumzishwa.

Mchanganyiko waliofikia baada ya majaribio manne ni sehemu saba za kokopiti, mbili za makapi ya mpunga kutoka Mwea yaliyounguzwa yakawa makaa, na moja ya mboji iliyochekechwa. Miche ya sukuma wiki na kabeji inalingana na ile ya zamani. Pilipili hoho bado ni dhaifu kidogo wiki ya pili, na kwa hizo pekee kikundi kiliendelea kununua robota moja la pitimosi kila msimu hadi mwanzoni mwa 2025, kilipoona kwamba mbolea ya maji ikianza siku nne mapema tofauti hupungua. Gharama kwa trei imekuwa karibu sawa na ya pitimosi kabla ya Novemba 2023.

Kuhusu bwawa, mfereji wa mdomoni ulizibwa Septemba 2024. Chama cha watumiaji wa maji kiliita kazi ya pamoja kwa siku mbili, na ofisi ya mazingira ikatuma afisa aliyeonyesha namna ya kushindilia mfinyanzi kwenye vizuizi vitatu badala ya kimoja, ili maji yasivunje cha chini kwa mkupuo. Yale magunia 23 yaliwekwa nyuma ya vizuizi. Hayatageuka kuwa bwawa tena kwa sababu yalikwisha kukauka. Matete yamerudi pembezoni mwa mfereji, lakini handaki lenyewe ni dimbwi la maji meusi. Vijana watatu kati ya saba hufanya kazi ya kuosha na kuchekecha kokopiti kitaluni. Wengine wamekwenda zao. Handaki la pili, lililogunduliwa Januari 2025 upande wa pili wa bwawa, halijazibwa kwa kuwa mtu anadai ni shamba lake lenye hati, na suala hilo liko mikononi mwa tume ya ardhi.

Uchambuzi

Kosa la kitaalamu ni rahisi kulieleza. Tulichukua jina moja, piti, tukadhani linataja kitu kimoja. Piti ya sfagnamu iliyochimbwa juu juu kaskazini mwa Ulaya, na piti ya mafunjo iliyochanganyika na mfinyanzi wa miinuko ya Kiambu, zinafanana rangi tu. Kipimo cha majivu kingegharimu chini ya bei ya magunia mawili, na trei tano za majaribio zingeonyesha ukoko ule ndani ya wiki tatu. Uzoefu wa mkono wangu ndio uliotuponza: nilikuwa nimeshika piti mara nyingi kiasi kwamba sikuona haja ya kuipima.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa la namna ya kuhesabu. Katika daftari la kitalu udongo ulikuwa na safu mbili, bei na idadi ya magunia. Hapakuwa na mahali pa kuandika ulikotoka, wala kazi uliyokuwa ukiifanya huko. Maji ya kijito hayakuandikwa kabisa, kwa sababu yalikuwa ya bure. Kwa hiyo Januari 2024 hesabu ilionyesha faida, hali kitalu kilikuwa kinalipia kubomolewa kwa kitu kinachokitunzia maji ya Agosti. Hakuna mwanachama aliyeficha lolote. Daftari halikuwa na safu ya jambo hilo. Sasa lina safu ya asili ya kila kitu kinachoingia, na jibu la "juu huko" halipokelewi. Dalali wa mbolea ya kuku alirudishwa Machi 2025 kwa sababu hakutaka kutaja shamba alikoitoa.

Je, lipo tumizi la piti lisiloleta madhara? Nimeulizwa hivyo na wenye vitalu wengine, na sipendi kulijibu kwa mkato. Vipo vizazi vya watu waliopika na kuota moto wa piti kwa kuwa hawakuwa na kuni, na sina haki ya kuwalaumu. Nchi isiyo na makaa ya mawe wala mafuta, ikiangalia mabwawa yake na giza la vijiji vyake, ina hoja. Lakini kuchoma au kutandaza kitu kilichochukua miaka 1,000 ili kupata umeme wa siku moja au miche ya wiki nne ni kukitumia kama madini, si kama msitu unaoweza kupandwa upya, na ni afadhali tukubali hivyo tunapofanya uamuzi. Yapo matumizi yanayoacha maji mahali pake: kukata mafunjo kwa zamu kwa ajili ya mikeka na kuezekea, kulisha mifugo nyasi za pembezoni, kutundika mizinga, kuvua. Wazee wa kijiji hiki walikuwa wakiyafanya yote hayo, na bwawa liliwafikia vijana saba likiwa zima.

Kilichofaulu zaidi kilikuwa uamuzi ambao mimi niliupinga. Kwa kukiri kwamba kilinunua, kitalu kilipata sauti kwenye mkutano wa watumiaji wa maji. Vijana hawakuweza kusema kwamba wanaonewa na watu wenye fedha, na mmoja wao ndiye aliyetuonyesha mahali ambapo sehemu ya mfereji ilikuwa imefichwa chini ya matete. Ripoti yangu ya haraka ingeweza kusimamisha uchimbaji mapema, lakini nina shaka kama ingewaleta watu arobaini wenye majembe siku ya kuziba. Kilichoshindwa katika njia hiyo ni muda. Afisa angeweza kujulishwa siku ya kwanza ili mfereji peke yake uzibwe wakati mazungumzo yakiendelea. Hatukufikiria kutenganisha mambo hayo mawili.

Bado hatuna kipimo cha kutosha cha kijito. Msimamizi alisimika mti wenye alama karibu na pampu Oktoba 2024, na kila Jumatatu asubuhi, kabla pampu haijawashwa, husoma usawa wa maji na kuuandika katika ukurasa wa mwisho wa daftari lilelile la udongo. Katika kiangazi cha Februari 2025 pampu ilifika saa sita mchana bila kuvuta hewa. Huo ni msimu mmoja, na anaendelea kupima.